Jicho Linalozijua Kuta

Mnunuzi wa nyumba Mji Mkongwe, Zanzibar, akimwita fundi aliyezoea matofali ya saruji tu, huenda akashauriwa apige lipu ya saruji. Ukuta utapendeza kwa muda, kisha unyevu utanaswa ndani na chumvi itabandua rangi.

Mkaguzi anayezielewa nyumba hizi za mawe na chokaa ni wa kushukuriwa kweli. Hakimbilii nyufa, huanza juu, kwenye paa na mifereji, kwani maji ndiyo adui mkubwa wa chokaa. Halafu huchunguza ncha za boriti za mikoko pale zinapoingia ukutani. Huko ndiko zinakooza na kuliwa na mchwa bila kuonekana, nazo ndizo zinazobeba sakafu, na urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba.

Uzito wa kazi hii ulionekana Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe la 1883, ilipoporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu.

Akivuka kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kukagua nyumba ya zege, mkaguzi huyohuyo hubadilisha maswali: nondo zimeshika kutu? Mchanga ulitoka ufukweni?