Disleksia: Jina na Maana

Neno disleksia halimfumbulii mwalimu wa Handeni wala wa Korogwe jambo lolote. Kulitafsiri kuwa "uzito wa akili" ni kosa kubwa zaidi, kwani aghalabu kasoro yenyewe imo katika kuzipambanua sauti na kuzioanisha na herufi, si katika akili. Wala mtoto aliyelelewa kwa Kizigua au Kisambaa asitiwe kundini humo kwa kuwa Kiswahili ni lugha yake ya pili. Kuimba "ba, be, bi, bo, bu" hupima kumbukumbu tu. Mbuni, ndege, ni silabi mbili. Mbuni, mwenye kubuni, ni tatu: herufi hazionyeshi, sikio hutambua. Twapendekeza "ugumu wa kuoanisha sauti na herufi". Ni refu, lakini halimtukani mtoto.