Ufa wa Mchoro na Thamani Yake

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni shauri jema kwa mwenye nyumba, lakini haimtoshi mwenye mchoro. Ukuta husifiwa kwa kazi yake: ukisimama na kuzuia mvua, hakuna aulizaye ni mkono wa nani ulioukandika. Mchoro wa asili hauko hivyo. Thamani yake imefungwa katika mkono uliouchora, na kila mkono mwingine upitao juu yake, hata kwa nia njema, waweza kuondoa kitu kile kile kilichokusudiwa kuokolewa. Kwa hiyo kutengeneza michoro iliyochakaa si kazi ya fundi peke yake; ni mas'ala ya uhakiki pia.

Mfano wa karibu ni kazi za Edward Saidi Tingatinga. Msanii huyu, aliyezaliwa mwaka 1932 katika nchi ya kusini, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi. Alichora kwa rangi ya mafuta, ile ipakwayo baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Vitu hivi vilikuwa rahisi kupatikana, lakini havikufanywa vidumu: hadibodi hunywa unyevu wa pwani na kuvimba pembeni, na rangi ikishakauka sana hupasuka na kubanduka. Michoro ya mkono wake ni michache, na wakusanyaji huitafuta kwa fedha nyingi. Mnunuzi mwerevu haogopi sana pembe iliyomeguka, kwa sababu hasara yake yaonekana na yaweza kupimwa. Aogopacho ni mchoro unaong'aa kupita umri wake. Ndege akikolezwa rangi upya, au sahihi ikipitiwa kwa brashi, hakuna ajuaye tena Tingatinga aishia wapi na mgeni aanzia wapi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Na katika sanaa kidonda hicho hakiponi.

Watu wengine watajibu kwamba soko halikubali hoja hii. Watataja picha ya Kristo iitwayo Salvator Mundi. Mwaka 1958 iliuzwa London kwa pauni 45, ikiwa imefunikwa na rangi za watengenezaji wa zamani. Mwaka 2017, baada ya kusafishwa na kujazwa mahali palipoharibika, iliuzwa New York kwa dola milioni 450 na zaidi kama kazi ya Leonardo da Vinci. Ni kweli kuwa utengenezaji uliongeza bei. Lakini tangu hapo wahakiki hawajaacha kuuliza ni kiasi gani cha picha ile ni cha Leonardo na kiasi gani ni cha waliomfuata. Bei ilipanda, na shaka ikapanda pamoja nayo. Mwitalia Cesare Brandi, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alifundisha kwamba kazi iliyovunjika yafaa kurudishiwa umoja wake bila ya kutenda udanganyifu juu ya sanaa wala juu ya historia. Mapatano ya Venice ya mwaka 1964, yaliyohusu majengo ya kale, yalisema kwamba utengenezaji ukome pale kukisia kunapoanza. Hiyo ndiyo mizani ya kupimia, wala si mnada.

Mizani hiyo yahitajiwa zaidi katika nchi ya kati ya Tanzania. Mashariki ya Singida, katika Kondoa, imo michoro ya miambani iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na Singida yenyewe ina miamba yake iliyochorwa. Michoro hii haina sahihi, haiuziki, wala haihamishiki; hata hivyo yapatwa na maradhi yale yale. Wageni wameimwagia maji ili rangi nyekundu ikolee mbele ya kamera, na maji hayo huacha chumvi juu ya jiwe. Wengine wamechimba chini ya miamba wakitafuta dhahabu wanayosadiki ilifichwa na Wadachi. Mary Leakey, aliyeinakili mwaka 1951, alikipa kitabu chake cha mwaka 1983 jina lenye maana ya sanaa ya Afrika inayotoweka. Nakala zake ni hazina, lakini nakala hukumbusha tu. Haiwi badala ya mwamba.

Hapa pana hoja ngumu. Katika mwamba wa Mongomi wa Kolo watu wa nchi ile hufanya matambiko, na pombe ya mtama hurushwa juu ya jiwe. Tena michoro myeupe ya zamani za karibu imewekwa juu ya ile myekundu ya kale. Je, hao nao wameharibu? Kuna tofauti. Aliyechora juu ya mchoro kwa ajili ya ibada yake hakujifanya mchoraji wa kwanza. Aliongeza neno lake, nalo lasomeka kuwa lake. Pombe yaweza kudhuru rangi, na jambo hilo lataka mashauri na wenye tambiko, si amri. Lakini anayekoleza mstari mwekundu ili uonekane wa kale asema uongo kwa mkono wa mtu mwingine.

Dawa iliyo bora imekwisha kuonekana nchini, ingawa si katika sanaa. Mgori, katika Singida Vijijini, ulikuwako msitu uliokuwa ukiliwa na moto, shoka na mashamba. Katikati ya miaka ya 1990 wanavijiji waliouzunguka walikabidhiwa ulinzi wake. Wakaweka sheria zao na walinzi wao, na miti ikachipua kutoka katika visiki vyake yenyewe. Hawakupanda msitu mwingine na kuuita ule wa zamani. Mti huchipua na mchoro hauchipui. Kwa hiyo ikiwa ulinzi ulitangulia kupanda katika Mgori, yapasa utangulie brashi mara mbili penye mwamba na penye hadibodi. Kilichobaki kilindwe, kilichopotea kiandikwe kuwa kimepotea, na fundi akiziba ufa, auzibe kwa namna ambayo ataonekana yeye na aweza kuondolewa. Mchoro wenye kovu la kweli una thamani kuliko wenye ngozi ya kuazima.