Kinjeketile Jukwaani: Kuirudia Si Kuiheshimu

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ilichapishwa mwaka 1969, na hadi leo hurudishwa jukwaani. Jambo hilo latufurahisha. Hata hivyo, hatuna budi kuuliza: je, kila anayeirudia huiheshimu?

Iko namna ya kuiigiza inayoifanya kuwa sherehe tu ya mashujaa wa Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Ngoma hulia, mikuki huinuliwa, watazamaji hushangilia, kisha kila mtu hurudi nyumbani akiwa ameridhika. Sisi twaona kwamba kufanya hivyo ni kumvika mwandishi taji huku tukimziba kinywa.

Kwa maana Kinjeketile wa Hussein si shujaa asiye na shaka. Anatoka mtoni na maji pamoja na neno la umoja. Makabila yaliyofarakana yanasikilizana. Lakini papo hapo neno lamponyoka. Yeye ataka watu wangoje na kujiandaa. Wao, kwa kuyategemea maji, wanaharakisha vita. Mwishoni, akiwa kifungoni, Kitunda amsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Akikana, wajao wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigania nchi yao. Asipokana, wapo watakaozidi kufa wakiyaamini maji. Mwandishi hatutolei hukumu, na mwongozaji anayeharakisha onyesho hili ili afikie makofi ameupoteza moyo wa tamthilia.

Sisi tulioitwa kuhubiri tusilitazame jambo hili kwa mbali. Katekisimo Ndogo yatufundisha kwamba katika Ubatizo maji matupu hayatendi neno, bali Neno la Mungu lililo pamoja na maji. Hatulinganishi maji ya Rufiji na Ubatizo. Twasema tu kwamba hata leo wako wanaotafuta maji na mafuta kama hirizi, na mhubiri huweza kunyamaza kwa kuwa umati wampendeza. Je, tukiulizwa kama Kinjeketile alivyoulizwa, tutajibu nini?

Basi, wanaoirudisha tamthilia hii jukwaani waache shaka ya Kinjeketile isikike, na kimya chake kidumu. Watazamaji wakitoka wakibishana badala ya kushangilia, hapo mwandishi atakuwa ameheshimiwa.