Ufundi wa Kutulia

Papa nyundo ni mwoga. Wanaomjua papa kwa sinema tu hawaamini wakiambiwa hivyo, lakini waliozamia kisiwani Cocos, Costa Rica, wanalijua jambo hili. Kundi zima la papa, wengi wao warefu kuliko mtu, hugeuka na kutokomea kwa sababu ya mapovu ya mzamiaji mmoja aliyepumua kwa pupa. Ufundi ninaotaka kuusifu hapa basi haudai ushujaa. Unadai utulivu.

Cocos iko kama kilomita 550 kutoka bara, katikati ya Pasifiki, na boti kutoka bandari ya Puntarenas huchukua takriban saa 36 kufika. Ni hifadhi ya taifa tangu 1978. Hakuna kijiji wala hoteli, ila walinzi wa hifadhi na mvua isiyokoma. Watu hufunga safari yote hiyo ili wakae dakika chache juu ya mlima uliozama uitwao Bajo Alcyone, kwa jina la chombo cha Jacques Cousteau.

Kushuka kunataka haraka, maana mkondo haumsubiri mtu. Mzamiaji hujitupa kinyumenyume kutoka kwenye boti ndogo na kwenda moja kwa moja chini. Akifika mwambani haraka yote humalizika. Hushika jiwe kwa mkono wenye glavu, hulaza tumbo, hutia mwili katika ufa na kunyamaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka papa nyundo hulala kifudifudi. Na muda ni mfupi. Kwenye kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, kwa hiyo hewa ya mtungi huisha mara nne upesi zaidi, na anayevuta hewa ya kawaida ana kama dakika 20 kabla nitrojeni iliyomwingia mwilini haijamlazimisha kupanda kwa vituo.

Hapo ndipo fundi na mwanagenzi wanapoachana. Mwanagenzi akiona kivuli cha kwanza, moyo humwenda mbio na mapovu humtoka kwa fujo. Au, kwa kuogopa mapovu, hubana pumzi, na hilo ni baya zaidi: kanuni ya kwanza ya kuzamia na mtungi ni kutobana pumzi kamwe, kwani hewa iliyofungiwa kifuani hutanuka mtu anapopanda hata mita chache na inaweza kupasua mapafu. Fundi huvuta polepole na kuachia polepole zaidi. Hanyooshi mkono wala hainui kamera ovyo. Hamfuati papa hata hatua moja.

Malipo yake ni haya. Papa jike hujitenga na wenzake na kuja juu ya mwamba, akipunguza mwendo mpaka karibu asimame. Samaki wadogo wa manjano, ambao wasemaji wa Kihispania huwaita vinyozi, humpanda ubavuni na kuanza kumdonoa wadudu waliomganda kwenye matamvua. Kichwa kile kipana huyumba kulia na kushoto, na jicho lililo nchani mwake humgeukia mzamiaji. Begani mna makovu meupe ya meno ya madume. Ngozi, ambayo kwa mbali ilikuwa ya kijivu, kwa karibu ina rangi ya shaba. Kisha pezi moja la mtu linagonga jiwe, na papa hayupo.

Wapo waliokwenda mbali zaidi katika ufundi huu. Mwanasayansi wa Marekani Peter Klimley, alipowachunguza papa hawa katika Ghuba ya California, aliacha mtungi juu na kuwashukia kwa pumzi yake mwenyewe. Ndivyo ilivyojulikana kwamba makundi hayo mengi ni ya majike, kwamba wakubwa hugombea nafasi ya katikati, na kwamba jioni hutawanyika kwenda kuwinda na alfajiri hurudi palepale.

Huko wanakowinda, papa huruhusiwa kile ambacho mzamiaji wa mtungi amekatazwa. Utafiti uliofanywa Hawaii na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba papa nyundo, akishuka usiku kwenye maji ya baridi kali, kina cha zaidi ya mita 800, hutunza joto la mwili. Watafiti wanaona kwamba hufunga matamvua, yaani hubana pumzi. Ushahidi mmoja ulitoka kwetu: picha za video za papa nyundo zilizochukuliwa katika maji ya Tanzania, kina cha zaidi ya mita 1,000, matamvua yakiwa yamefumba.

Ufundi huu hauishii majini. Kwa miaka 21, kuanzia 1993, viongozi wa wazamiaji wa Cocos waliandika walichokiona kila waliposhuka. Watafiti walipokusanya kumbukumbu hizo, za mbizi zaidi ya 27,000, walikadiria kwamba papa nyundo walikuwa wamepungua kwa asilimia 45, tena ndani ya hifadhi. Papa hajui mpaka wa hifadhi. Akitoka usiku kuwinda hukutana na mishipi na nyavu. Mwaka 2019 aliwekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani.

Papa huyuhuyu, pingusi kwa wavuvi wetu, hunaswa kwenye nyavu za Kenya na Tanzania angali mtoto, na huishia mnadani kabla hajapata kuzaa. Hatuwezi kumtetea kwa hadithi tu. Anayezamia Pemba, Mafia au Watamu na awe na daftari: aandike aina, idadi, kina na tarehe. Na siku ambayo hakuona papa hata mmoja, aandike sufuri, kwa sababu bila sufuri hakuna atakayejua kwamba wamepungua.