Kuzima Injini Mapema

Goma haina bahari. Hata hivyo, mgeni wa Mombasa akisimama bandarini asubuhi ya upepo, mawimbi ya Ziwa Kivu yakipiga mawe meusi, macho yake hutafuta shakwe. Nilimsikia mmoja akiwaulizia, na nahodha wetu akacheka bila dharau. "Papa, huku ndege ya mayi inabakiaka pembeni. Mu katikati kulikuwaka njala."

Njala hiyo ni historia ya kweli ya ziwa. Samaki wengi wa asili wa Kivu walishikamana na kando, kwenye miamba na matete, na eneo pana la katikati likabaki kama chumba kisichopangishwa. Mwaka 1959 ndipo vifaranga vya dagaa wa Tanganyika vilipomwagwa humu. Walikuwa wa aina mbili, moja ikashika, na ndiyo sambaza tunayokaanga leo. Hata sambaza naye anaishi ghorofa ya juu tu. Ziwa lina kina cha karibu mita 480, lakini ukishapita mita 60 hivi kwenda chini oksijeni imekwisha, na huko kumelala methani na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka. Kwa hiyo anayetaka kujua sambaza wako wapi hana haja ya kuchungulia mbali. Aangalie juu, amtafute mdiria.

Namzungumzia yule mweusi kwa mweupe, mwenye kishungi na mdomo kama msumari. Midiria wengine huwindia kwenye tawi: humvizia samaki, humrukia, kisha hurudi tawini kumpigapiga na kummeza. Huyu akitaka huliacha tawi nyumbani. Husimama hewani, mwili umeinama, mdomo umeelekea chini, mabawa yakienda mbio huku kichwa kimetulia kama kimefungwa kwa uzi. Akikosa shabaha husogea hatua chache, akasimama tena. Akipata samaki mdogo humeza palepale akiwa anaruka, kwa hiyo anaweza kuwinda mbali na nchi kavu kuliko jamaa zake. Mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer, aliyewachunguza katika maziwa ya Victoria na Naivasha, alionyesha kwamba madume wasio na wake huweza kusaidia kulisha makinda ya jozi nyingine. Naivasha wasaidizi wasio ndugu walifukuzwa. Victoria, ambako kuvua kulikuwa kugumu zaidi, walikaribishwa. Nilipomsimulia nahodha, hakushangaa hata kidogo. Alisema ndivyo ilivyo hata kwenye nyumba za watu: unga ukipungua, shemeji anapendwa.

Lakini insha hii nimeiandika kwa ajili ya mkono wake wa kulia, ule unaoshika injini.

Nahodha wa kawaida, mgeni akipiga kelele "Ndege!", huelekeza boti kwa ndege. Hapo kila kitu kimeharibika. Huyu wetu hufanya kinyume: hupita mbali, kana kwamba ana safari zake, hulizunguka lile eneo mpaka upepo uko nyuma yake na jua liko mgongoni kwa wageni, kisha huzima injini mapema mno. Mara ya kwanza nilidhani mafuta yameisha. Boti ilibaki inaelea ubavuubavu, ikisukumwa na upepo polepole kuelekea mwamba wenye minandi saba waliotandaza mabawa. (Mnandi hulowa manyoya, ndiyo maana huzama vizuri, na ndiyo maana kutwa huonekana kama nguo zilizoanikwa.) Kitu kinachokuja na upepo, bila sauti na bila pua iliyowaelekea, hawakukihesabu kuwa adui. Tulifika karibu kiasi cha kuona jicho la kijani.

Alitufundisha dalili. Mnandi akirefusha shingo, nyamaza. Akihamisha uzito mguu hadi mguu, usisogee. Akinya, basi, umechelewa, huyo anaondoka. Na wageni wasikimbilie wote upande mmoja, jambo ambalo kila mara lazima lisemwe na kila mara linasahaulika.

Kutia nanga ni somo jingine. Pwani ya mchanga unashusha nanga, unaachia kamba ndefu, unalala. Kaskazini ya Kivu ukingo hutumbukia ghafla: hatua mbili kutoka kando huenda nanga isiguse chini, na ikigusa hunasa katika ufa wa mwamba wa volkano, usiione tena. Yeye hufunga kamba ya nyuma kwenye mti au jiwe, akaacha pua ikitazama ziwa. Kwenye kisiwa cha Tchegera, kilicho ndani ya Hifadhi ya Virunga, kazi inakuwa nyepesi kidogo, maana kisiwa chenyewe ni ukingo wa kreta uliojikunja kama mwezi mchanga na kuacha ghuba tulivu katikati.

Pia ziko hori asizotia nanga hata kama zimejaa ndege. Goma tuna neno letu, mazuku: kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na, kwa uzito wake, kutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri isiyo na upepo. Haina rangi. Humkuta mbuzi amelala, na mwenye mbuzi akiinama kumwinua naye analala. Mgeni huona kijibonde kizuri chenye majani mabichi na kuomba tushuke tunywe chai. Nahodha hutazama kwanza chini, kama kuna panzi, mjusi, kijidege kilichokufa. Hakuwahi kutuambia kwa nini anakataa mpaka tulipokuwa tumefika mbali, wageni wasije wakaharibikiwa na chai.

Mwamba ule wa minandi, tukirudi, ndio tulioambiwa habari zake. Januari 2002 ulikuwa uji wa moto. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji na kuingia ziwani ikifuka mvuke. Mgeni mmoja alimtazama mwanawe mkubwa, akahesabu kwa vidole, akasema mtoto ana umri mkubwa kuliko jiwe.

Wageni wa namna hiyo hawaji tena tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025. Nahodha sasa anabeba maharage na ndizi za Minova, wafanyabiashara wamekaa juu ya magunia, simu masikioni. Nilipanda naye mara moja. Tulipokaribia mwamba alipunguza mwendo, kisha kukawa kimya. Mama mmoja aliguna: soko linafungwa, kuna nini?

"Napumuzisha moteri, mama," alijibu, na jicho lake liko pembeni. Walikuwa tisa.