Itapunguza au Ingepunguza? Uhakiki wa Lugha ya Modeli ya Bonde la Tana ya Juu

Hati iliyotetea uwekezaji katika Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa mwaka 2015, ina hoja nyepesi kueleweka. Nairobi hupata takribani asilimia 95 ya maji yake kutoka Tana ya Juu. Mvua huchukua udongo wa mashamba madogo ya miteremko ya Aberdare, ikachafua mito na kujaza mabwawa. Kwa hiyo, ni nafuu kumsaidia mkulima auzuie udongo huo juu kuliko kuuondoa huko chini. Kwa kutumia modeli ya SWAT, hati inakadiria kuwa dola milioni 10 zikitumika kwa miaka 10, faida itafikia dola milioni 21.5 katika miaka 30, na mashapo yanayoingia bwawa la Masinga yatapungua kwa asilimia 18 kwa mwaka.

Hesabu hiyo ni ya uangalifu, na watunga sera wamefanya vema kuizingatia. Udhaifu unajitokeza pale tokeo la modeli linapogeuzwa kuwa sentensi.

SWAT, iliyobuniwa na watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani, huligawa bonde katika mabonde madogo, kisha hukusanya pamoja maeneo yenye udongo, mteremko na matumizi ya ardhi yanayofanana. Katika muundo wake wa kawaida, vipande hivyo vya hesabu havina mahali maalumu ndani ya bonde dogo. Modeli huweza kusema kwamba mashamba ya aina fulani kwenye mteremko wa aina fulani hutoa tope jingi. Haiwezi kulinyoshea kidole shamba lenye mpaka na mwenyewe. Hata hivyo, anayeamua kuchimba tuta au kuacha ukanda wa nyasi kando ya mto ni huyo mwenyewe, naye hupoteza sehemu ya ekari yake kabla hajaona faida. Kumwambia kwamba "modeli imeonyesha shamba lake linachafua mto" ni kuisemea modeli jambo ambalo haikulisema.

Suala la pili ni la viambishi. Anayeeleza tokeo hilo kwa Kiswahili analazimika kuchagua. "Mradi utapunguza mashapo" ni ahadi. "Mradi ungepunguza mashapo" humtia msikilizaji shaka kwamba sharti halitatimia. Linalofaa zaidi ni umbo la -ki-: "wakulima wakichimba matuta na kuyatunza, mashapo yatapungua." Hapo sharti linabaki ndani ya sentensi, pamoja na mtendaji wake. Katika muhtasari wa sera, sharti ndilo huachwa kwanza, kwa sababu ya ufupi. Likiachwa, mkulima ametoweka na asilimia 18 imekuwa mali ya mradi. Mvua ikikataa au matuta yakibomoka, anayeonekana mwongo mbele ya baraza ni ofisa wa ugani.

La kushangaza ni kwamba hati yenyewe inalo jambo la kumwambia mkulima. Ongezeko la mavuno linakadiriwa kufikia dola milioni 3 kwa mwaka, ilhali nyongeza ya mapato ya umeme ni dola 600,000 na ushei, na akiba ya kampuni ya maji ya jiji ni kama dola 250,000. Mnufaika mkubwa yuko juu mlimani, lakini hati imeandikwa kwa Kiingereza cha wawekezaji walio chini.

Wala si kwamba Kiswahili hakina msamiati. "Fanya juu", jina la tuta linalojengwa kwa kurusha udongo upande wa juu wa mtaro, limeingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo duniani likiwa Kiswahili kitupu. Ni kitenzi katika hali ya kuamuru, kilichozaliwa kwenye jembe. Mwenye kukisikia anajua afanye nini. Kwa Kiswahili cha namna hiyo, matokeo ya modeli yangeweza kupelekwa Murang'a na Nyeri kabla ya maamuzi kufungwa, wakulima wakapata nafasi ya kusema ni wapi mteremko wa kwenye ramani haufanani na ule wanaoulima.