Chakula cha Kalamu: Uhakiki wa Istilahi za Kubadili Nibu

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza karatasi moja ndogo ya maelezo, isiyozidi kurasa mbili, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza na kuuzwa pamoja na kalamu ya wino ya bei nafuu. Karatasi hiyo inamfundisha mwenye kalamu namna ya kuiondoa nibu na kuweka nyingine mahali pake. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa jarida la istilahi. Tunamwomba atuvumilie, kwani makosa tuliyoyakuta humo ndiyo yaleyale tunayoyakuta katika maelezo ya mashine, ya dawa na ya mbolea.

Karatasi hiyo tuliiona Moa, kijiji cha pwani kilichoko wilayani Mkinga, kaskazini ya Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Tulikuwa tumekwenda huko kukusanya majina ya zana za uvuvi. Mwenyeji wetu alikuwa mzee anayesomesha watoto Kurani.

"Shikamoo, mwalimu," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Nyinyi ndio watu wa maneno? Basi nisomeeni haya, kwani mimi yamenishinda."

Mwalimu alikuwa amenunua kalamu ya China yenye nibu mbili katika kisanduku kimoja. Nibu ya kwanza ilikuwa nyembamba, nayo ilimfaa kwa kuandika majina ya wanafunzi kwa herufi za Kirumi. Ya pili ilikuwa pana, na ncha yake imekatwa mraba, nayo ndiyo aliyoitaka kwa khati ya Kiarabu. Khati hiyo haipendezi kwa kalamu yenye ncha ya mviringo, kwa sababu uzuri wake umo katika kupishana kwa mstari mnene na mstari mwembamba. Basi akaifuata karatasi neno kwa neno. Matokeo yake nibu nyembamba ilipinda, na wino ukamwagika juu ya daftari lake la mahudhurio, ukafuta kazi ya miezi mitatu.

Sentensi iliyomponza ilikuwa hii: "Shika sehemu kwa mkono mmoja, kisha vuta nibu pamoja na chakula chake." Mwalimu alituuliza, "Kalamu hula nini ila wino?" Kwa hiyo alifahamu kwamba ameamriwa kuivuta nibu wino ukiwa ungalimo. Akaishika nibu peke yake, akaivuta.

Hatuwezi kumlaumu. Alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa, na kwa Kiswahili hicho maana aliyoipata ilikuwa na mantiki kamili. Aliyekosa ni mfasiri. Chini ya nibu mna kipande chembamba cha plastiki chenye mfereji, ambacho hupeleka wino kwenye nibu huku kikiruhusu hewa iingie ndani kushika nafasi ya wino uliotoka. Bila ya hewa hiyo wino hukwama. Ikizidi, wino hutiririka ovyo. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya kipande cha namna hiyo mwaka 1884, na kalamu za wino za leo zingali zinafuata kanuni hiyo. Jina lake la Kiingereza lina maana ya kulisha, na pia lina maana ya chakula cha mifugo. Mfasiri alichukua maana ya pili bila ya kukitazama kitu chenyewe.

Kosa la pili ni neno "sehemu". Kila kipande cha kalamu ni sehemu ya kalamu. Mwenye kuambiwa ashike sehemu hajaambiwa ashike nini. Iliyokusudiwa ni ile shemu ya mbele inayoshikwa kwa vidole wakati wa kuandika.

Kosa la tatu lilikuwa hatari kwa namna nyingine. Karatasi ilisema, "Wino ukiisha, tia risasi mpya." Kwa muda mrefu wasemaji wa Kiswahili wameiita penseli kalamu ya risasi. Msomaji akiambiwa atie risasi katika kalamu, atafikiri habari imehama kutoka kalamu ya wino na kuingia katika penseli. Kijibomba cha kuvutia wino kutoka chupani nacho kiliitwa "kigeuzi", ilhali hakigeuzi chochote.

Haki inatudai tutaje pia mazuri ya karatasi hiyo. Sentensi zake ni fupi. Imeonya vyema kwamba kalamu ioshwe kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huweza kuipinda plastiki. Aidha, imeliacha neno "nibu" lilivyo, na hapo tunaafikiana na mfasiri. Wapo wanaosema kwamba "nibu" ni neno la kigeni, na kwamba "ncha" latosha. Hatukubali. Kalamu, ambayo jina lake limetujia kwa njia ya Kiarabu, ilikuwa tete lililochongwa kwa kisu. Ncha yake ikichakaa, mwandishi aliichonga upya. Ncha na kalamu vilikuwa kitu kimoja. Viwanda vya Birmingham vilipoeneza nibu za chuma katika karne ya 19, ncha ilijitenga na mpini, ikawa kitu cha kununuliwa na kubadilishwa. Kitu kipya kilikuja na jina lake. Leo nibu ina ncha yake, ina ufa wake, na ina meno yake mawili kama meno ya uma. Tukiiita nibu "ncha", ncha ya nibu tutaiitaje?

Tulimwomba mwalimu atutajie vipande vya kalamu yake kwa maneno yake mwenyewe. Alisema bila ya kusita: nibu, ulimi, shingo, tumbo. Ulimi ni kile kilichoitwa chakula. Shingo ni ile iliyoitwa sehemu. Mmoja wetu alidokeza kwamba "ulimi" ni neno la seremala kwa kile kipande cha ubao kinachochongwa kiingie katika tundu la ubao mwingine. Mwalimu akajibu, "Na huu nao si umeingia tunduni?" Hatukuwa na la kuongeza.

Hapa hatuna budi kujihakiki na sisi wenyewe. Laiti karatasi hiyo ingeletwa mezani petu kabla ya kuchapwa, yumkini tungelikataa neno "chakula" na kuweka "kilishio". Neno hilo lingekuwa sahihi kwa sarufi, na lingepita kikaoni bila ya ubishi. Lakini mwalimu wa Moa angeuliza tena: kinamlisha nani? Kosa la mfasiri na kosa letu ni ndugu. Yeye alitafuta neno katika kamusi, sisi tungelitafuta katika viambishi, na wala hakuna kati yetu ambaye angekwenda kumwuliza mtu mwenye kalamu mkononi.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi hizi: nibu, ulimi wa kalamu, shingo, bomba la wino kwa kile cha kuvutia, kwani hufanya kazi kama bomba la sindano, na mrija wa wino kwa kile kinachotiwa kikiwa kimejaa na kutupwa kikiisha. Kwa istilahi hizo maelezo yatasomeka hivi: "Ondoa wino wote, osha kwa maji baridi. Shika shingo kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili, bana nibu na ulimi kwa pamoja ukitumia kitambaa, uvute moja kwa moja bila ya kusokota. Laza nibu mpya juu ya ulimi, ufa ukae katikati, kisha virudishe vyote viwili kwa pamoja." Maelezo haya ni ya kalamu ambazo nibu yake imebanwa tu shingoni, zipo nyingine ambazo nibu na ulimi hufunguliwa kwa kuzungushwa kama parafujo, nazo zastahili maelezo yake.

Tuliyasoma maelezo hayo mbele ya mwalimu, naye akaiweka nibu pana bila ya kumwaga tone. Ile nyembamba haikunyooka tena. Daftari lake analiandika upya.

Wasomaji wetu wa Tanga, Mombasa, Lamu na Unguja, hasa makarani wa zamani na walimu wa vyuoni, tunawaomba watuletee majina wanayoyatumia. Wanaoyajua wanapungua, na kalamu zingali madukani.